NYUMBA ZA WAZEE WASIO NA JAMAA



Ukitoka mjini Unguja kwa njia ya Bububu, kisha ukapinda kwenda upande wa mashamba, utafika Kidichi. Ni mwendo wa kilomita 11 hivi. Watu wa Kidichi ni wakulima. Wanalima karafuu, mdalasini, pilipili manga, vanila, ndizi na mihogo. Hapo pana hamamu ya zamani, yaani nyumba ya kuogea. Seyyid Said aliijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi. Kuta zake za ndani zina nakshi za maua na ndege. Wageni wengi huja kuitazama.

Wageni hao huuliza habari za Sultani na mkewe. Lakini hebu sisi tuulize jambo jingine. Yule aliyebeba mawe ya hamamu, na yule aliyechuma karafuu za shamba, walipozeeka walikwenda wapi? Nani aliwapikia uji? Nani aliwafulia nguo?

Makala hii inaeleza jinsi watu wa Unguja walivyowapatia makao wazee na masikini wasio na jamaa. Tutaona nyumba za wakf za mjini, nyumba ya Welezo na nyumba za Sebleni. Mwisho tutaona sisi wenyewe tunaweza kufanya nini.

KUZEEKA BILA MTOTO WALA NDUGU

Kwa desturi yetu, mzee hutunzwa na watoto wake. Kama hana mtoto, hutunzwa na watoto wa ndugu zake. Kwa hiyo wengine husema: "Ya nini nyumba za wazee? Hayo si mambo yetu."

Ni kweli kwamba ukoo ni ngao. Lakini ngao hiyo haimfikii kila mtu. Wapo watu ambao hawakuwa na ukoo tangu mwanzo.

Wa kwanza ni wale walioletwa kwa nguvu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea mashambani na majumbani. Mwezi wa Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuondoa utumwa katika sheria. Aliyekuwa na mtumwa aliweza kulipwa fidia. Aliyekuwa mtumwa hakulipwa kitu. Kijana mwenye nguvu alipata kazi ya kibarua, au kipande cha ardhi cha kulima kwa ruhusa ya mwenye shamba. Lakini mzee je? Nguvu zake zimekwisha, kwao ni mbali, na pengine hata jina la kijiji chake amelisahau. Uhuru aliupata, chakula hakukipata.

Wa pili ni vibarua. Baada ya utumwa kwisha, mashamba ya karafuu yalihitaji watu wa kupalilia na kuchuma, na bandari ilihitaji wachukuzi. Watu wengi walikuja kutoka bara, kama Wanyamwezi na wengineo. Wengine walioa wakazaa, wakawa wenyeji. Wengine walikaa peke yao mpaka mvi zikawatoka.

Wa tatu ni wagonjwa, hasa wa ukoma. Hao walikuwa na jamaa, lakini jamaa waliwaogopa.

Basi tatizo si watu kukosa huruma. Tatizo ni kwamba huruma ya ukoo humfikia mwenye ukoo tu. Asiye na ukoo lazima atunzwe na jamii nzima.

WAKF: MALI ILIYOFUNGWA

Njia ya zamani sana ya kumtunza asiye na kitu ni wakf. Wengi tunalijua neno hili, lakini tulieleze vizuri.

Mtu akiweka wakf, anaifunga mali yake kwa ajili ya Mungu. Tangu siku hiyo mali haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Mali inabaki pale pale, na faida yake tu ndiyo inayotumika. Mwenyewe anasema faida iende wapi: msikitini, kwenye kisima, kwa jamaa zake, au kwa masikini.

Katika Mji Mkongwe wa Unguja ziliwekwa wakf nyumba nyingi. Baadhi ya matajiri waliweka nyumba zikaliwe na watu waliokuwa watumwa wao, pamoja na vizazi vyao. Wengine waliweka nyumba kwa masikini. Kwa hiyo mtu aliyekuwa hana hata kamba ya kujinyongea alipata chumba chenye kuta za mawe katikati ya mji, na hakuna aliyeweza kumwambia, "Toka, nimeuza."

Tangu mwaka 1905 serikali ilikuwa na kamisheni ya kusimamia wakf. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana Zanzibar.

NYUMBA BILA PATO HUANGUKA

Lakini nyumba ya wakf inahitaji kutengenezwa kama nyumba nyingine. Hapo ndipo penye shida. Chukua kalamu tupige hesabu. Huu ni mfano tu.

Tuseme nyumba ina vyumba 6. Wakaazi ni masikini, kila chumba kinalipiwa shilingi 10,000 kwa mwezi.

Kwa mwezi: 6 × 10,000 = shilingi 60,000.
Kwa mwaka: 60,000 × 12 = shilingi 720,000.

Sasa paa linavuja. Fundi anataka shilingi 3,000,000. Hata kama fedha yote ya kodi itawekwa, itachukua zaidi ya miaka 4 kufikia kiasi hicho. Na mvua za masika hazingoji miaka 4.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Sakafu zake zimelala juu ya boriti za mikoko, na ncha za boriti zimeingia ndani ya ukuta. Paa likivuja, maji hushuka ndani ya ukuta. Yakifika kwenye ncha za boriti, boriti huoza pale pasipoonekana. Kwa nje nyumba ni nzima, kwa ndani imekwisha. Siku moja sakafu inaanguka na watu wamelala.

Watu wengine hupaka saruji juu ya ukuta wa chokaa wakidhani wanauimarisha. Saruji huziba. Ukuta wa chokaa hupumua na kukauka, lakini ukizibwa na saruji unyevu hubaki ndani. Chokaa hutengenezwa kwa chokaa.

Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ni heshima kubwa. Lakini heshima haitengenezi paa. Tukumbuke somo hili: nyumba ya sadaka inahitaji pato la kudumu. Aliyeweka wakf nyumba peke yake aliweka nusu ya jambo. Aliyeweka nyumba pamoja na shamba au duka la kuilisha, huyo aliweka jambo kamili.

WELEZO: NYUMBA YA MASIKINI

Tutoke mjini twende Welezo, katika Wilaya ya Magharibi "A", wilaya ile ile ya Kidichi. Katika maandishi ya zamani utaona pameandikwa "Walezo".

Wamisionari wa Kikatoliki walifika Unguja mwezi wa Disemba 1860. Walianza na hospitali na mafunzo ya kazi za mikono. Baadaye misheni hiyo iliendesha nyumba ya masikini pale Welezo, na serikali ya wakati ule ikatoa msaada wa fedha. Hapo walitunzwa wazee, wasiojiweza na wagonjwa wa ukoma.

Kwa nini wagonjwa wa ukoma waliwekwa mbali na watu? Kwa sababu zamani dawa ya kuwaponya haikuwepo. Watu walimwona mgonjwa amekatika vidole, wakaogopa. Dawa ya kwanza yenye nguvu ilianza kutumika miaka ya 1940. Miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kutumia dawa zaidi ya moja kwa pamoja. Siku hizi mgonjwa hupewa dawa hizo bila malipo. Huzitumia kwa miezi 6 au miezi 12, kufuatana na aina ya ugonjwa wake, naye huishi nyumbani kwake. Akishaanza dawa, baada ya muda mfupi hamwambukizi mtu. Basi ukiona baka kwenye ngozi lisilosikia maumivu, nenda kituo cha afya mapema. Ukoma unatibika.

SEBLENI KWA WAZEE

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilijenga nyumba za wazee huko Sebleni, nje kidogo ya mji wa zamani. Nyumba hizo ziliacha jina. Mpaka leo mtu akikuuliza unakwenda wapi, unaweza kumjibu "Sebleni kwa Wazee," naye akaelewa.

Maana ya jambo hili ni kubwa. Zamani mzee asiye na jamaa alitegemea tajiri aliyeweka wakf, au misheni, au jirani mwema. Sasa serikali ilisema: mtunzaji ni mimi. Matunzo yakaacha kuwa hisani peke yake, yakawa wajibu.

Leo serikali ya Zanzibar ina nyumba za wazee Sebleni na Welezo kwa upande wa Unguja, na Limbani kwa upande wa Pemba. Zinasimamiwa na wizara inayohusika na maendeleo ya jamii, wazee na watoto. Wazee wanapewa makao, chakula na matibabu. Mwaka 2020 Zanzibar ilipata pia sheria inayohusu mambo ya wazee.

MFANO KUTOKA UJERUMANI

Jambo hili si la Unguja tu. Katika mji wa Augsburg, nchini Ujerumani, pana mtaa mdogo uitwao Fuggerei. Tajiri mmoja, Jakob Fugger, aliuweka kwa ajili ya masikini wa mji wake mwaka 1521. Mpaka leo watu wapatao 150 wanaishi humo. Kodi yao haifiki euro moja kwa mwaka mzima. Mtaa ule ni wa Wakatoliki, na kila mkaazi anatakiwa asali mara tatu kwa siku.

Umewezaje kudumu zaidi ya miaka 500? Kwanza, una pato. Mfuko wake una misitu, na mbao za misitu ndizo zinazolisha nyumba. Hata wageni wanaokuja kuutazama hulipa kiingilio. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mabomu yaliubomoa. Ukajengwa tena.

Pili, una heshima kwa mkaazi. Kila nyumba ina mlango wake. Kwenye milango ya zamani, mikono ya kuvutia kengele ilitengenezwa kwa maumbo mbalimbali, ili mtu akirudi gizani aujue mlango wake kwa kupapasa. Ni jambo dogo. Lakini linamwambia masikini: huu ni mlango wako, si mlango wa boma la wafungwa.

Hebu fikiri. Msitu wa Augsburg na shamba la karafuu la wakf si kitu kimoja?

PENCHENI JAMII

Si kila mzee anahitaji kuhamia nyumba ya wazee. Wengi wanapenda kubaki kijijini kwao. Hawa nao wana haki yao.

Mwezi wa Aprili 2016 Zanzibar ilianza kulipa Pencheni Jamii. Kila Mzanzibari mkaazi aliyetimiza miaka 70 anastahili, hata kama hakupata kuajiriwa. Mkulima, mvuvi, mama wa nyumbani, wote. Kwanza ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Baadaye ikapandishwa kuwa shilingi 50,000. Tupige tena hesabu:

50,000 × 12 = shilingi 600,000 kwa mwaka.

Si utajiri. Lakini mzee mwenye fedha yake mkononi haombi chumvi. Tena ana neno nyumbani. Anaweza kumtuma mjukuu dukani na kumwambia, "Chenji chukua wewe."

Lakini tusidanganyane. Pencheni haipiki, haifui, wala haimgeuzi mgonjwa kitandani. Mzee wa miaka 65 asiye na mtu bado hajaifikia. Na yule wa miaka 75 asiyeona, akipewa noti mkononi, nani atamsomea kwamba ni ya elfu mbili au ya elfu kumi? Kwa hiyo nyumba za wazee bado zinahitajika, na majirani wanahitajika zaidi.

IDI IKISHAPITA

Mwezi wa Ramadhani na siku za Idi, nyumba za wazee hupata wageni wengi. Viongozi huenda kuwasalimia na kutoa mkono wa Idi. Jumuiya, skuli na maduka hupeleka futari, mchele, sukari na nguo. Ni jambo zuri sana.

Lakini ifikapo Mfunguo Pili, nani anakwenda? Njaa ya mzee haichagui mwezi. Na upweke ndio hauchagui kabisa. Mtu anaweza kushiba wali akafa kwa ukimya.

Tena misaada ikija yote siku moja, mingine huharibika. Zaka ya fitri ni pishi moja ya chakula kwa kila kichwa. Pishi ni vibaba 4, karibu kilo 2 na nusu. Nyumba yenye watu 7 inatoa pishi 7, kiasi cha kilo 17 na nusu. Zaka hutolewa katika siku zile zile chache, kwa hiyo magunia hurundikana. Yakikaa, yanaingia fukusi. Huku nyuma, mzee huyo huyo hana sabuni, hana shuka ya kubadilisha, hana miwani, hana fimbo ya kutembelea.

Basi watu wa kijiji, skuli au jumuiya wakitaka kwenda, wafanye hivi:

1. Waulize kwanza. Msimamizi wa nyumba anajua kilichopungua. Usipeleke sukari kwa mzee mwenye kisukari.

2. Wapange zamu. Kikundi kimoja kiende mwezi huu, kingine mwezi ujao. Watu 5 kila mwezi ni bora kuliko watu 60 kwa siku moja.

3. Wapige hodi. Chumba cha mzee ni nyumba yake. Piga hodi, ngoja uitikiwe, ndipo uingie. Toa shikamoo yako. Usimpige picha bila ruhusa yake. Kupewa msaada si kuuza uso.

4. Wakae. Mzee hataki mtu anayetua kapu na kuondoka. Cheza naye bao. Mwulize habari za zamani. Mwombe akufundishe.

MZEE NAYE ANA CHA KUTOA

Tusidhani kwamba katika nyumba ya wazee upande mmoja unatoa na upande mwingine unapokea tu. Bibi aliyesuka ukili tangu utotoni vidole vyake bado vinakumbuka. Mpelekee ukili, naye atasuka mkeka, na vijana watajifunza. Mzee aliyefanya kazi ya karafuu anajua mikarafuu inavyopandwa na karafuu zinavyoanikwa. Aliyefanya kazi ya uashi anajua chokaa inavyochomwa na kukandwa, ujuzi ule ule unaohitajika kutengeneza nyumba za wakf zinazoanguka. Wazee hao wakiondoka bila kuulizwa, ujuzi wao unakwenda kaburini.

Mtu anayeombwa ushauri hujiona bado ni mtu. Hiyo nayo ni dawa.

ZAWADI YA MWENYE KUJUA KUSOMA

Wewe uliyehitimu kisomo unayo zawadi isiyouzwa dukani. Unajua kusoma. Wazee wengi hawakupata nafasi hiyo. Kwa hiyo:

Msomee mzee maandishi ya pakiti ya dawa. "Mara mbili kwa siku baada ya chakula" si sawa na "mara nne". Mzee asiyejua kusoma anaweza kumeza dawa ya kesho leo.

Mtazamie kitambulisho chake. Je, mwaka wa kuzaliwa umeandikwa sawasawa? Mwaka ukikosewa, haki ya pencheni inaweza kuchelewa. Kama amefikia umri na hajaandikishwa, fuatana naye kwa sheha.

Mwandikie barua au mpigie simu jamaa yake. Wapo wazee wanaosemekana hawana mtu, kumbe wana mtoto wa ndugu bara au Pemba ambaye hajui alipo.

Msomee gazeti hili. Kurasa mbili tu zinatosha kuleta mazungumzo ya jioni nzima.

NENO LA MWISHO

Tumeona njia mbalimbali. Tajiri aliweka nyumba ya wakf. Misheni iliendesha Welezo. Serikali ilijenga Sebleni na ikaanzisha Pencheni Jamii. Hakuna hata moja iliyotosha peke yake. Nyumba ya mzee asiye na jamaa inasimama kwa nguzo tatu: paa lisilovuja, pato lisilokatika, na watu wanaopiga hodi. Nguzo mbili za mwanzo ni kazi ya serikali, ya kamisheni na ya wenye mali. Nguzo ya tatu haihitaji mali. Inamngoja mimi na wewe.

Na tusisahau: kila mmoja wetu ni mzee wa kesho, na hakuna ajuaye kama siku hiyo atakuwa na mtoto karibu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika shehia yenu kuna wazee wangapi wanaoishi peke yao? Nani anawapikia?

2. Je, wote waliotimiza miaka 70 wameandikishwa kupata Pencheni Jamii? Kama hapana, kizuizi ni nini?

3. Kijijini kwenu kuna mali ya wakf? Faida yake imeelekezwa kwa nani, na je, inawafikia?

4. Kikundi chenu kikitaka kutembelea wazee mara moja kila mwezi, nani atapanga zamu? Mtaanza mwezi gani?